Vyeti Vitano kwa Wino

Sajini Musembi aliingia dukani kwa Muktar Billow na vumbi la barabara ya Kitui likiwa limemjaa hata kwenye nyusi. Hakuomba maji. Aliomba muhuri.

"Muhuri gani?" Muktar aliuliza. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za hina, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameuza chumvi, shuka na mbuzi pale Mwingi bila serikali kumpigia hodi asubuhi namna hiyo.

"Ule unapiga kwa ngozi. Na wino yake."

Muktar alimtazama, akainama chini ya meza, akautoa. Musembi alifungua daftari akaupiga kwenye ukurasa mweupe mara tatu: kwa nguvu, kwa wepesi, na kwa kuuinamisha upande. Kisha akatoa bahasha mfukoni, na ndani yake karatasi nene iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa cheti cha chuo. Nacho kilikuwa na muhuri wa zambarau, rangi ileile ya dukani, na wazo lote la kumtuma Musembi Mwingi, kwamba cheti kiligongwa dukani hapo, lilianzia kwenye rangi hiyo. Alikigeuza cheti upande wa nyuma, akapitisha ukucha taratibu. Muhuri ulikuwa umetokeza huku nyuma kama kovu. Muhuri wa mpira hupaka wino tu. Huu ulikuwa umebonyezwa kwa chuma.

"Sio huu," alisema.

"Nani alisema ni huu?"

"Mtu ambaye hajawahi kufika hapa."

Mtu huyo aliitwa Bwana Whitcombe, afisa msaidizi katika boma la serikali, Kitui. Naye hakulizusha jambo hili mwenyewe; aliletewa barua kutoka Nairobi. Huko, katika bodi inayosimamia mitihani ya vyuo vya ng'ambo, kulikuwa na mtu aliyeona kadi ya maombi ya mtihani ya Mwalimu Mulei wa shule ya misheni ya Mwingi. Mulei alikuwa akisomea digrii kwa posta. Masomo yalikuwa tisa, muda miaka saba, na kila somo ukilifaulu chuo kilikutumia cheti. Kadi ilisema Mulei amekwisha faulu manane. Mtu wa bodi akasema haiwezekani, akachukua kalamu. Hakuna aliyekuwa amemshtaki mwalimu kwa lolote. Kosa lake lilikuwa kufaulu, na kwa kosa hilo Mwafrika hana wakili.

Mtihani wa tisa ulikuwa Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, Nairobi. Leo ilikuwa Jumanne, na mwaka ulikuwa wa saba. Mulei akiukosa mtihani huo muda wake umekwisha, na vile vyeti vinane vitafaa kufungia sukari. Bodi ilikuwa imetamka wazi: kama boma halitapiga simu ya maandishi kabla ya saa sita mchana Jumamosi, kusema vyeti ni vya kweli, mwalimu asipoteze nauli. Chuo chenyewe kilikuwa kimeulizwa, lakini kwa barua ya meli. Simu ya ng'ambo haikuonekana kuwa na maana kwa mwalimu wa shule ya udongo.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Musembi hakupenda kulikumbuka akiwa juu ya lori wala akiwa chini. Vyeti vilitunzwa na mama yake Mulei huko Mbumbuni, ng'ambo ya mto Athi. Mwezi uliopita Musembi alitumwa kwenda kuviona. Mama alimwonyesha vitano, akasema ni vitano. Musembi akaandika vitano, kwa wino, kwa mkono wake mwenyewe, na mama akaweka kidole gumba. Tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba kadi ina vyeti vitatu vya uongo, na Mulei alikatazwa kutoka Mwingi.

"Barua za mwalimu zinapitia hapa," alimwambia Muktar.

"Zote. Mfuko inakuja na lori yangu, mwenye barua anajitafutia."

"Zimekuja ngapi kutoka chuo?"

"Sasa hiyo, wallahi, nitajuaje? Miaka saba." Muktar alikuna ndevu. "Lakini ziko namna mbili. Iko barua nyepesi, inakuja tu kama zingine. Na iko ile ya rejista, bahasha ngumu, lazima mtu atie sahihi. Ile ya rejista, siku hiyo mwalimu ananiamkia mpaka watoto yangu wote, Nadifa, Bishar, mmoja mmoja. Ile nyepesi, anachukua anaenda. Hata kwaheri hakuna."

"Nyepesi zilikuwa nyingi?"

"Mbili. Hiyo nakumbuka, kwa sababu mara mbili tu huyo mtu amekosa adabu."

Musembi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Vipande vya rejista unaweka wapi?"

Muktar alionyesha juu kwa kidevu. Kwenye boriti kulikuwa na waya, na kwenye waya vipande vya karatasi vilivyotobolewa katikati, vya miaka yote, vimekauka na kupauka. Musembi aliuteremsha, akakaa juu ya gunia la chumvi, akavisoma kimoja kimoja kwa zaidi ya saa nzima. Barua za misheni, za wafanyabiashara wa ng'ombe, za Muktar mwenyewe. Vipande vyenye sahihi ya Mulei na jina la chuo vilikuwa vinane. Aliandika tarehe zake zote, akamtaka Muktar atie sahihi chini, na Muktar akatia kwa herufi za Kiarabu, pole pole, akiwa amekunja uso.

Barua nyepesi mbili, za kushindwa. Za rejista nane, zenye kitu ndani. Hesabu ilikuwa inakaa sawa kila mahali isipokuwa kwenye daftari la Sajini Musembi.

*

Mulei alikuwa amekaa darasani peke yake, wanafunzi wameenda kuteka maji. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, shati limefuliwa mpaka kola imekuwa uzi. Sanduku lake la safari lilikuwa tayari limefungwa kamba, liko mlangoni.

"Umekuja kunifunga ama kunifungua?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Watu wameuliza mpaka nimezoea. Vyeti ni nane, Sajini. Viko kwa mama. Nimesema kwa mdomo, nimeandika kwa barua, sasa sijui nipige ngoma."

"Kwa nini hukai navyo hapa?"

"Mchwa. Angalia hiyo meza." Meza ilikuwa na miguu mitatu ya mti na mmoja wa mawe. "Na mama aliomba. Mimi nilisoma, yeye akalima. Kama kuna mtu vyeti ni vyake, ni yeye."

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Miraba tisa. Minane ilikuwa imejazwa wino mweusi, kila mmoja na tarehe na jina la somo: Kilatini, mantiki, historia, na mengine. Wa tisa ulikuwa mweupe. Musembi alitoa daftari lake akalinganisha tarehe. Kila tarehe ya ukutani ilikuwa siku moja au mbili baada ya ile ya waya wa Muktar.

"Mama yako ameiona hii?"

"Alikuja Pasaka mwaka jana. Akaniambia niichane." Mulei alitabasamu bila furaha. "Ati nimeiweka hapo watu waje watazame, nimeita macho. Mama anaenda kanisa kila Jumapili, anaimba kuliko wote, lakini hiyo karatasi ilimnyima usingizi. Ikabidi niifunike na shuka mpaka akaenda zake."

Musembi aliandika maneno hayo kama yalivyo.

"Sajini," Mulei alimwita alipokuwa mlangoni. "Wewe ni Mkamba. Mtu ambaye hajui Kikamba akiniita mwongo, sawa. Lakini aliyeandika vitano ni nani?"

"Bado nachunguza," alisema Sajini Musembi, na akatoka nje haraka, maana lori la Muktar lilikuwa linapakia ngozi kurudi Kitui. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na safari nzima haikushuka.

*

Jumatano aliendesha baiskeli ya serikali mpaka ukingo wa Athi, akaiacha kwa mlinzi wa kivuko, akavuka maji yakiwa magotini. Alhamisi, jua likiwa bado la upande, alikuwa Mbumbuni.

Nzilani, mama yake Mulei, alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakushangaa kumwona.

"Umerudi, mwanangu."

"Nimerudi, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

Alimletea kiti cha miguu mitatu. Musembi alikaa, akafungua daftari, akaanza kama serikali inavyoanza. Vyeti ni vingapi? Ni vile vitano. Hakuna vingine? Hakuna. Nzilani aliingia ndani akaleta kiondo kidogo chenye kifuniko cha ngozi, akavipanga vinne juu ya ungo, na cha tano Musembi akakiongeza kutoka mfukoni, kile alichokiazima mwezi uliopita. Walikuwa wakiongea Kikamba, na mama alijibu bila kusita, jicho kwa jicho. Mwongo mzuri namna hiyo Musembi alikuwa bado hajakutana naye, na amekutana na wengi.

Akaanza kuuliza mengine, ya pembeni, kama mtu anayepumzisha miguu tu.

"Mulei ana ndugu wangapi?"

"Wawili tu tulibaki nao. Yeye na Kasyoka."

Kitabu cha chifu kilikuwa na majina manne, wote hai, na wa mwisho alikuwa akifyeka shamba hapo chini, akionekana kabisa.

"Mbuzi je? Naona boma lako lina nguvu."

"Nguvu gani? Ni sita. Wanyonge."

Musembi aligeuza kichwa. Kwenye kibanda cha mbuzi kulikuwa na mambo ya kutosha kwa mtu aliyelipwa kutazama. Vitanzi vya kamba vya kufungia wanambuzi vilikuwa kumi na kimoja, vyote vimelainishwa na shingo. Wanambuzi waliokuwamo walikuwa wanne.

Hapo ndipo alipofunga daftari. Alilifunga polepole, akavua kofia, akaiweka juu yake. Mama wa Musembi mwenyewe, siku ile afisa wa mifugo alipokuja kudunga ng'ombe sindano, alisema ana ng'ombe watatu, na wa nne akalia nyuma yake. Hakuna mzazi wa Kikamba anayetaja idadi ya kitu anachokipenda mbele ya mgeni. Ukiulizwa, unapunguza. Si uongo, ni ua la miiba la kuzuia macho mabaya. Musembi alijua hayo kabla hajajua kutembea, halafu akavaa sare, akasimama mbele ya mlango wa mjane na kalamu mkononi, akauliza: ni vingapi? Alijiona mpumbavu, na alikuwa mpumbavu.

"Mwaitu, sitakuuliza tena ni vingapi."

"Afadhali," alisema Nzilani. "Siku ile uliuliza hapo njiani, watu wanapita kwenda sokoni, na kitabu kimefunguliwa. Ulitaka nitaje vyote ili vitazamwe?"

"Tuongee mambo ya zamani tu. Mwaka wa nzige, Mulei alikuletea karatasi?"

Alimtazama kwa muda mrefu. "Alileta."

"Ipo?"

Aliweka kidole juu ya cheti cha kwanza.

"Mwaka kanisa lilipoezekwa mabati?"

Kidole kikahamia cha pili.

"Mwaka wa ile njaa, mlipokula mbegu?"

Kidole hakikwenda popote.

"Alileta," alisema Nzilani.

"Ipo?"

"Ipo. Iko malishoni."

Musembi alishusha pumzi. "Nani anaichunga?"

"Kasyoka."

Mtu mwenye akili haweki mbuzi wake wote boma moja. Wengine unawapeleka kwa dada, wengine kwa rafiki, ugonjwa ukija unakuta nusu. Nzilani alikuwa amefanya hivyohivyo na Kilatini. Waliendelea, mwaka kwa mwaka, na kila kidole kilipokosa pa kwenda jibu lilikuwa ni hilohilo la malisho, mpaka wakafika mwaka jana. Hakuna aliyetaja namba yoyote.

Kasyoka alikuwa ameolewa bondeni upande wa pili, mwendo wa nusu saa. Alikuwa na mimba kubwa na ulimi mwepesi. Alivitoa vyeti vitatu ndani ya Biblia, kimoja Mwanzo, kimoja Zaburi, kimoja kwa mitume.

"Mwaitu alisema visikae pamoja hata huku," alisema. "Kaka ana shida?"

"Ana shida ya kuwa na mama mwerevu," Musembi alijibu. Alivigeuza vyote, akapitisha ukucha nyuma ya kila kimoja. Kovu la chuma lilikuwapo. Tarehe zilikaa sawa na waya wa Muktar na sawa na ukuta wa Mulei. Kesi ilikuwa imekwisha. Kwa muda wa kutembea kutoka kwa Kasyoka mpaka kwa Nzilani, Sajini Musembi alikuwa na furaha.

"Sasa unavyo," Nzilani alimwambia. "Nenda navyo. Mdomo wangu uuache."

"Siwezi. Karatasi ya kwanza ina kidole chako, na kidole chako kilisema vitano. Bwana wa boma hatakubali kidole kingine kikikanushe. Lazima uje mwenyewe."

"Nije niseme nini?"

Musembi alitazama chini. "Useme ni vingapi."

Mama alichukua ungo wake akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka, upepo ukayapeleka kwenye viatu vya sajini.

"Nilizaa zaidi ya hao unaowaona," alisema mwishowe. "Alikuja mtu wa kodi akawapanga mstari hapa, akawahesabu kwa fimbo, mmoja, wawili, mpaka mwisho. Mwaka ule nilizika wawili. Mchungaji anasema ni surua. Huenda ni surua. Nikitaja, halafu kikatokea kitu?"

"Usipotaja, kitatokea Jumatatu, mwaitu. Hicho nakijua."

Nzilani aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na leso safi na vyeti vinne vya kiondoni akiwa amevifunga kifuani.

*

Walitembea Alhamisi jioni na Ijumaa nzima, wakalala kwa muumini mwenzake Nzilani upande wa Kitui, na Jumamosi saa nne na nusu walikuwa mbele ya meza ya Bwana Whitcombe. Kijana mstaarabu, mwenye nywele za mahindi na mazoea ya kusimama mwanamke akiingia. Alisimama hata kwa Nzilani. Musembi alimpangia kila kitu juu ya meza: vyeti vinane, nakala ya waya wa Muktar, tarehe za ukutani, ukurasa wenye alama tatu za muhuri wa ngozi. Alieleza kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. Whitcombe alisikiliza vizuri, akaandika, kisha akamgeukia mama kwa Kiswahili cha wazungu.

"Wewe mama ya Mulei?"

"Ndiyo."

"Wewe nasema cheti ngapi?"

Nzilani alimtazama Musembi, na Musembi hakuweza kumsaidia. Mama alishika ukingo wa meza kwa ile mikono yake mikubwa.

"Nane," alisema, kwa Kiswahili, ili mzungu asikie mwenyewe.

"Mwezi nakwisha, wewe nasema tano."

"Nilisema."

"Ile maneno ya kwanza ilikuwa uongo?"

"Bwana," Musembi aliingilia, "kwa desturi ya hapa mtu akiulizwa idadi—"

"Mimi hapana uliza wewe, Sajini."

"Haikuwa kweli," alisema Nzilani.

Whitcombe aliandika. Alimpa mama kidau cha wino, naye akaweka kidole. Kisha akavuta fomu ya simu, akafikiri, akaandika tena, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akamsomea sajini alichoandika. Shahidi amekiri kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Vyeti vitatu vimepatikana baadaye kwa jamaa wa mtahiniwa. Uchunguzi unaendelea.

Musembi alilipima kila neno, na kila neno lilikuwa kweli.

"Bwana, muhuri ulibonyezwa kwa chuma. Sio wa duka."

"Aliyefundishika Kilatini anafundishika kubonyeza karatasi." Whitcombe alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayemfariji. "Mimi binafsi nadhani kijana ni mwaminifu, Sajini. Umefanya kazi nzuri sana. Lakini siwezi kuiambia bodi imwamini shahidi aliyebadilisha hesabu yake. Chuo kitajibu baada ya wiki sita, na jina lake litasafishika kabisa."

"Baada ya wiki sita hakuna mtihani, Bwana."

"Hilo halimo mikononi mwa polisi." Alimpa fomu. "Ipeleke kabla ya saa sita, tafadhali."

Alimwambia tafadhali. Musembi aliipeleka. Angeweza kuiangusha mferejini, na alilifikiria hilo njia nzima, lakini kimya cha boma kingesema mabaya kuliko fomu. Karani wa posta aliyahesabu maneno kwa ncha ya penseli, akapiga muhuri, akaanza kugonga. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Musembi alisimama dirishani mpaka mlio wa mwisho ukanyamaza, akiwa na hasira ambayo hakuwa na mtu wa kumpa.

Nzilani alikuwa amekaa nje ya posta, mgongo ukutani, miguu imenyooka, nyayo zimepasuka kwa mawe ya njia. Vyeti vilibaki bomani, vimefungiwa kabatini kama ushahidi.

"Sasa ataenda Jumatatu?"

Musembi alichutama mbele yake. Alikuwa amewaambia watu habari mbaya za kila namna, na sikuzote alianza na pole. Safari hii hakuanza nayo.

"Hataenda, mwaitu."

"Lakini nilisema."

"Ulisema."

"Uliniambia nikisema ataenda."

"Nilikuambia."

Hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa anautarajia.

"Nilitaja, kikaondoka," alisema. "Mulei asijue kwamba nilitaja."

Musembi alitaka kumwambia kwamba si hivyo. Kwamba ni bodi, ni barua ya meli, ni kijana mwenye adabu asiyejua lolote, ni yeye mwenyewe na wino wake. Alijaribu kuyapanga mambo kwa mfuatano, kama anavyoyapanga kwenye ripoti, ili amwonyeshe. Idadi iliulizwa. Idadi iliandikwa. Idadi ilitajwa kwa sauti mbele ya mgeni, na kile kitu kikapotea. Aliipindua upande huu na upande ule. Miaka kumi na minne alikuwa akitafuta ushahidi katika nyumba za watu, na hapo, mbele ya ukuta wa posta, hakuwa na hata mmoja wa kumwonyesha mama huyu kwamba amekosea.